Padri Luigi Guanella na Shamba la Wana Wema

Kila mwalimu aliyepata kufundisha darasa la kwanza katika shule ya misioni amemwona mtoto wa namna hii. Anafika asubuhi mbele ya wenzake wote, anaketi mahali pake pale pale, anaimba kwa moyo. Lakini herufi tano za kwanza zinampita kama maji yapitavyo katika chekecheo. Mwaka wa pili yupo darasa lile lile. Mwaka wa tatu wenzake wamekwisha kuvuka, naye amekuwa mrefu kuliko dawati lake. Kisha siku moja haji tena, na mwalimu anaandika jina la mwingine katika daftari. Huko nyumbani sauti yake inakuwa nzito, ndevu zinamwota, na watu wa kijiji waliomchekea alipokuwa mdogo sasa wanamwogopa, au wanamtuma kuchota maji na kupasua kuni pasipo kumpa hata ndizi moja. Mama yake anazeeka. Usiku analala macho akijiuliza mwanawe atakaa na nani siku ya yeye kufa.

Swali hilo la mama mzee ndilo lililomshika padri mmoja wa Italia kwa miaka mingi ya maisha yake. Jina lake ni Luigi Guanella, na Kanisa lilimwandika katika hesabu ya watakatifu tarehe 23 Oktoba 2011. Wengi wanamtaja kama baba wa mayatima na wazee, na ndivyo alivyokuwa. Mimi nataka kueleza hasa yale aliyowatendea vijana na watu wazima wenye akili nzito, ambao siku hizi tunawaita wenye ulemavu wa akili. Nadhani kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko zake zote, nayo haisimuliwi vya kutosha.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1842 katika kijiji cha Fraciscio, parokia ya Campodolcino, juu milimani karibu na mpaka wa Uswisi. Alikuwa mtoto wa tisa kati ya kumi na watatu. Baba yake, Lorenzo, alikuwa mtu mkali na mwenye neno moja, aliyekuwa kiongozi wa watu wa mahali pale kwa miaka mingi. Mama yake, Maria Bianchi, alikuwa mpole, na hasira ya baba ilipowaka, yeye ndiye aliyewakinga watoto. Luigi alipokuwa mdogo alicheza na dada yake Caterina kando ya nyumba: walitia udongo na maji katika mashimo ya jiwe, wakakoroga, wakasema kwamba wanawapikia maskini supu. Walikubaliana kwamba wakiisha kuwa wakubwa watapika supu ya kweli. Inasimuliwa tena kwamba siku ya sikukuu alipewa peremende, akazificha ili aingie Misani, mara akaona mzee amesimama mbele yake akinyosha mikono kuomba. Mtoto akashtuka, na alipogeuka tena mzee hayupo. Padri Guanella mwenyewe, hata katika uzee wake, alikuwa akiikumbuka mikono ile na kuona haya kwamba hakutoa.

Hapa yafaa nieleze jambo moja juu ya nchi ile, maana pasipo hilo hatutafahamu vema. Katika mabonde ya milima mirefu ya Ulaya kulikuwa na ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe mkubwa wa shingo. Na katika vijiji vile vile vyenye rovu walizaliwa watoto wasiokua vizuri, wengine viziwi na mabubu, na akili zao zilibaki za utotoni. Baadaye waganga waligundua sababu: udongo na maji ya milimani yamepungukiwa na iodini, na mama mwenye mimba asipoipata katika chakula chake, ubongo wa mtoto tumboni haukui kama ipasavyo. Sisi wa Kongo tusilione jambo hili kuwa la mbali. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, na katika nchi ya Ubangi huko kaskazini, waganga waliuchunguza ugonjwa huo huo katika miaka ya 1960 na 1970. Kinga yake ni chumvi iliyotiwa iodini, kitu cha bei ndogo. Lakini katika utoto wa Guanella hakuna aliyeweka iodini katika chumvi ya watu wa Fraciscio. Watu wa namna hiyo walikaa kando ya moto wa ndugu zao au waliranda njiani wakichekwa, na yeye alikua akiwaona.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili alipelekwa Como, katika shule ya Gallio, kisha akaingia seminari. Alipewa upadri tarehe 26 Mei 1866. Mwaka uliofuata alitumwa Savogno, kijiji kilicho juu ya mlima, ambako hakuna njia ya gari, ila ngazi za mawe zaidi ya elfu mbili kutoka bondeni. Alikaa pale miaka karibu minane. Alikuwa padri na mwalimu pamoja: mchana aliwafundisha watoto, jioni watu wazima waliorudi kutoka mashambani. Siku zile ufalme mpya wa Italia na Kanisa walikuwa katika magomvi makubwa, na padri aliyeandika vitabu kwa watu wadogo alitazamwa na serikali kwa jicho baya. Guanella alipochapa kitabu kidogo mwaka 1872, wakubwa wa Sondrio walimhesabu kuwa mtu wa hatari. Tokea hapo kila alipoanza jambo, kulikuwa na mtu wa kulizuia.

Mwaka 1875 alikwenda Torino kwa Don Bosco, akakaa naye miaka mitatu akiwalea vijana. Alimpenda sana, na kumwacha kulimwuma. Katika mji huo huo alijifunza jambo la pili, ambalo kwa habari yetu ndilo kubwa zaidi. Aliiona nyumba ya Mtakatifu Giuseppe Cottolengo, aliyekufa mwaka ule ule ambao Guanella alizaliwa. Mle walikaa wagonjwa ambao hospitali nyingine hazikuwataka. Na wenye akili nzito waliitwa kwa jina la heshima, wana wema. Guanella alilichukua jina hilo akalifanya lake mpaka kufa. Wanaume aliwaita wana wema, wanawake mabinti wema.

Wengine watasema jina ni kitu kidogo. Katika vijiji vyetu najua majina wanayopewa watu hawa, nami sitayaandika hapa. Mtu akiitwa kila siku kwa jina la tusi, hata mama yake mwishowe hulizoea. Lakini nakiri pia kwamba jina la mwana lina hatari yake: mtu wa miaka arobaini akiitwa mwana, twaweza kumfanya mtoto siku zote, tukamlisha, tukamvika, tusimwulize neno lo lote. Tuone basi kama Guanella aliikwepa hatari hiyo.

Askofu wake alimrudisha jimboni mwaka 1878. Alijaribu kufungua shule huko Traona, serikali ikaifunga. Akatumwa Olmo, kijiji cha upweke, kama mtu aliyetupwa. Alikuwa amekwisha kupita miaka thelathini na minane, na mbele ya watu hakuwa amefanikiwa kitu. Mwezi wa Novemba 1881 akapelekwa Pianello, kando ya ziwa la Como. Padri aliyemtangulia, Don Carlo Coppini, alikuwa ameacha nyumba ndogo ya mayatima na wazee, yenye wasichana wachache waliojitoa kuwatumikia. Hao walimpokea kwa baridi, kwa kuwa walikuwa wamesikia habari zake za ugomvi na serikali. Kidogo kidogo wakamfahamu. Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili, Marcellina na Chiara Bosatta. Wa kwanza akawa mama wa shirika la masista, wa pili akafa kijana mwaka 1887 na akatangazwa Mwenye Heri mwaka 1991. Usiku wa tarehe 5 Aprili 1886 mashua ilivuka ziwa ikichukua masista wachache, mayatima na vyombo vya nyumbani kwenda mji wa Como. Hapo ikaanza Nyumba ya Maongozi ya Mungu. Katika miaka michache watu wake wakawa mamia.

Na hapo ndipo shida niliyoitaja mwanzoni ilipotokea. Yatima mwenye akili timamu hukua, hujifunza useremala au ushonaji, huondoka, huoa. Mzee hukaa mpaka Mungu amwite. Lakini mwana mwema aliyeingia nyumbani akiwa kijana, mwenye mikono yenye nguvu na afya ya kuishi miaka mingi, afanye nini? Mjini kulikuwa na ua mmoja tu wa kutembea. Kumketisha mtu mwenye nguvu ukutani toka asubuhi hata jioni ni kumwua polepole. Hukasirika, huvunja, kisha watu husema ni mwehu, afungwe. Guanella alikuwa mwana wa wakulima. Aliona kwamba watu hawa wanahitaji kile ambacho kila mwanaume wa Fraciscio alikuwa nacho: shamba, mifugo, kazi yenye mwisho unaoonekana kwa macho, na meza ya kurudia jioni.

Akatafuta ardhi, na ardhi aliyoipata ilikuwa ile ambayo hakuna aliyeitaka. Kwenye mwisho wa juu wa ziwa la Como, pale mto Adda unapoingia, kuna tambarare iitwayo Pian di Spagna. Tangu mwaka 1603 Wahispania waliotawala Milano walikuwa wamejenga ngome pale, na askari wao walikufa kwa homa kuliko kwa bunduki. Katika karne ya 16 mafuriko ya mto yalikuwa yameangamiza mji wa zamani ulioitwa Olonio. Hata mwisho wa karne ya 19 mahali pale palikuwa matope, matete na mbu. Padri akanunua sehemu, na kuanzia mwaka 1900 hivi akawapeleka pale wana wema pamoja na mapadri na wasaidizi. Kijiji kipya akakiita Nuova Olonio, maana yake Olonio Mpya.

Watu wengi walisema padri amepata wazimu yeye mwenyewe. Kukausha kinamasi ni kazi iliyowashinda wakubwa wenye fedha, na yeye anakwenda kuifanya na watu wasiojua kuhesabu vidole! Lakini mimi nikifikiri nayaona mambo mawili. La kwanza, kazi ya mfereji ni kubwa lakini kila kipande chake ni chepesi kufahamika. Unachimba hapa, unatupa udongo pale. Kesho maji yametoka, na mtu ambaye hakuelewa hata neno moja la darasani anayaona maji yakienda. Hana haja ya kuambiwa kwamba ametenda kazi. La pili, kazi ya namna hiyo ina nafasi kwa kila mmoja. Mwenye nguvu anachimba, asiye na nguvu anachukua ndoo ya maji ya kunywa, mwingine anachunga mnyama, mwingine anakusanya vijiti vya kuwashia moto. Ndiyo kanuni aliyoiweka katika nyumba zake zote: kila mtu atende kwa kadiri anavyoweza, asilazimishwe kupita nguvu zake, wala asiachwe bure kana kwamba hawezi kitu. Na mwenye akili zaidi kidogo awe karibu na mwenye pungufu, ili asaidie naye aheshimiwe.

Hawakuachwa peke yao na majembe. Wasaidizi walikaa nao, wakala nao, wakafanya kazi nao katika matope yale yale. Guanella alishika sana kwamba chakula kiwe kizuri, na neno la Mungu liende pamoja na mkate, wala moja lisitolewe pasipo lingine. Palikuwa na sala fupi, nyimbo, matembezi, sikukuu. Hakutaka adhabu za kupiga. Alitaka mlezi amtangulie mtu kwa macho ili asianguke, kuliko kumngoja aanguke ndipo amwadhibu. Njia hiyo aliipokea kwa Don Bosco. Kidogo kidogo matete yalikatwa, mifereji ikatoa maji, shamba likaonekana, kanisa likajengwa, na jamaa za wakulima wakaja kukaa kando. Nasi tusisahau kwamba kwa kawaida watu wenye akili nzito hutafutiwa kona katika kijiji cha wengine. Huko Nuova Olonio wao walikuwa wa kwanza kufika, na wakulima wakawafuata.

Lazima niseme pia yasiyonipendeza sana. Mtu anaweza kuuliza kama haikuwa kuwatumia wanyonge kwa kazi ya bure. Swali hilo ni la haki, na kila anayewapa watu hawa kazi alijibu mbele ya Mungu. Siku hizi tunajua kwamba mtu mzima afanyaye kazi anastahili mshahara wake na neno lake katika mambo yake. Tena wengi wa wana wema walikaa katika nyumba za Guanella maisha yao yote. Kuwarudisha kwa ndugu zao, wakakae kijijini kwao kama watu wengine, ni jambo ambalo wakati ule halikufikiriwa sana. Lakini tulinganishe na yaliyotendeka mahali pengine katika miaka ile ile. Katika nchi nyingi watu hawa walifungiwa katika nyumba kubwa kubwa, mamia kwa mamia, nyuma ya kuta ndefu, na wenye elimu waliandika kwamba ni hatari kwa taifa. Guanella aliwapeleka nje, penye jua na jirani.

Kwetu makatekista kuna jambo jingine la kutazama. Mtu huwa mtu mzima katika Kanisa pia. Ilikuwa desturi kuwanyima watu wenye akili nzito Komunyo Takatifu kwa sababu hawawezi kujibu maswali ya katekisimu. Papa Pio wa Kumi, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Guanella, alitoa amri mwaka 1910 juu ya Komunyo ya watoto wadogo: yatosha mtoto ajue kutenga mkate wa Ekaristi na mkate wa kila siku, kwa kadiri ya akili yake. Amri ile ilitolewa kwa ajili ya watoto, lakini atakayeitafakari ataona imemfungulia mlango hata kijana wetu asiyeweza kushika majibu sita. Anapiga magoti, anatazama, ananyamaza wakati wa kunyamaza. Mara nyingi wale waliopata alama zote hawafanyi hivyo.

Miaka ya mwisho niipite upesi. Shirika la mapadri, Watumishi wa Mapendo, liliimarika mwaka 1908 walipoweka nadhiri zao. Mjini Roma alijenga kanisa la Mtakatifu Yosefu, na mwaka 1913 akaanzisha humo chama cha kuwaombea walio katika saa ya kufa. Mwishoni mwa mwaka 1912, akiwa na miaka sabini, alivuka bahari kwenda Marekani kuwaona Waitalia waliohamia huko. Mwaka 1913 masista wake walifika Chicago, na kazi yao kwa mabinti wema ikaota mizizi huko. Tarehe 13 Januari 1915 tetemeko kubwa la nchi liliangusha mji wa Avezzano na vijiji vya Marsica, watu maelfu wakafa. Mzee akaenda mwenyewe katika theluji kuwakusanya mayatima na wazee waliobaki. Mwezi wa Septemba alipatwa na kiharusi, akafa huko Como tarehe 24 Oktoba 1915. Mwili wake unalala katika kanisa la Moyo Mtakatifu, ndani ya nyumba ile iliyoanza na watu wa mashua. Papa Paulo wa Sita alimtangaza Mwenye Heri tarehe 25 Oktoba 1964, siku za Mtaguso, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita akamtangaza Mtakatifu.

Mapadri wake wamefika hata Kongo; huko Kinshasa wanawalea watoto wa njiani na watu wenye ulemavu. Na kule Nuova Olonio ipo bado nyumba ya wana wema, iliyopewa jina la Bikira Maria wa Kazi. Wanaoingia humo leo hawakutani tena na matete yaliyowangojea wale wa mwaka 1900. Pale ambapo askari wa ngome walitetemeka kwa homa, sasa majani yanakatwa kwa ajili ya ng'ombe, na maji yanapita katika mifereji kwenda ziwani.